Duka Langu Lilinitangazia Kifo

Nilikuwa nimeinama chini ya meza natafuta bobini ya cherehani iliyodondoka, nikasikia mtu anaingia dukani analia.

Si kilio cha kujizuia. Kwikwi na kila kitu.

"Jamani fundi wangu," alisema. "Umeniachia nani?"

Nikatoa kichwa, pini mdomoni.

Yule dada akarudi kinyumenyume mpaka akalivaa lile sanamu la kujaribishia nguo. Wakaanguka wote wawili.

Nilipomwinua, aliubinya mkono wangu.

"Una joto."

"Jua kali."

"Kwa hiyo hujafa?"

Mimi nashona magauni ya harusi. Mume wangu anashughulika na kompyuta, mimi na cherehani. Huyu dada alikuwa anaolewa Jumamosi.

Akanipa simu yake. Barua pepe, imetoka kwenye anwani ya duka letu kabisa, na nembo yetu juu. Inasema fundi mkuu ametutoka ghafla, kazi zote zimesimama, rambirambi zitumwe kwa namba ifuatayo.

Nikasoma na kurudia. Nilisifiwa kwelikweli. Eti marehemu alikuwa mpole, hana maneno mengi.

Hapo nikajua aliyeandika hanifahamu.

"Pole sana," nilimwambia bibi harusi, maana sikupata neno lingine.

"Ahsante," alisema, akifuta machozi. "Sasa lile gauni, ulilimaliza kabla hujafa?"

Ndipo nikaelewa kilio kilikuwa cha gauni, si changu.

Mchana duka lilijaa. Kinyozi wa mlango wa pili alishaanza kupanga viti vya msiba nje. Mama mdogo alipiga simu, nikapokea, akasikia sauti yangu, akakata. Mteja mmoja aliuliza kama rambirambi aliyokwisha kutuma inaweza kuhesabiwa kama malipo ya awali.

Nilicheka. Halafu mama mmoja akaomba arudishiwe kitambaa chake.

"Sina ugomvi na wewe," alisema. "Ila kama barua zenu zinaandikwa na wezi, na namba yangu wanayo. Na ninapokaa wanapajua."

Akaondoka na kitambaa kwapani, na wengine wawili wakaanza kuulizia vyao. Kicheko kikanikauka. Hili duka nimelijenga kwa jina langu tu, na jina lenyewe ndilo lililokuwa linatoka nje kwa mafungu.

Tukamwita fundi wa kompyuta, mwanamke mmoja tunayemwita Mama Waya. Aliketi, akabofya hapa na pale, akavua miwani.

"Hii brauza mnayofungulia barua pepe, mara ya mwisho imesasishwa lini?"

Mume wangu akakohoa. Kwa miezi kadhaa brauza ilikuwa inaomba yenyewe kusasishwa, na kila nikimkumbusha ananijibu kwamba itamaliza bando.

"Ilikuwa inafanya kazi vizuri," alisema.

"Hata mlango usio na kitasa unafanya kazi," alisema Mama Waya. "Unafunguka."

Mimi nilishamgeukia wifi yangu, dada wa mume, anayejibu wateja mchana. Ndiye anayefungua kurasa za filamu za bure.

"Wifi, sema ulibofya nini."

"Mimi?" Machozi yakamlenga. "Mimi wiki hii hata sijakaa hapo."

"Usinifanye mtoto."

"Mwache," mume wangu alisema, macho kwenye viatu vyake. "Ni mimi."

Akanigeukia.

"Juzi si ulilalamika kwamba sikusikilizi? Nikasema leo nikufurahishe. Ukatokea ukurasa umeandikwa brauza yako imepitwa na wakati, bofya hapa usasishe. Nikabofya. Ukaomba neno la siri la barua pepe ya duka, nikaweka. Nilitaka ukirudi ukute nimemaliza."

Yaani mke amemwomba miezi, hataki. Siku aliyoamua kutii, alimtii mwizi.

Mama Waya alishusha pumzi. Akatueleza kwamba brauza halali husasishwa ndani ya mipangilio yake yenyewe, wala haiulizi neno la siri la barua pepe ya mtu. Na kama ingekuwa mpya, huenda ingeutambua ule ukurasa wa matapeli na kumwonya kabla hajaufungua.

Akabadilisha maneno ya siri yote, akasafisha kompyuta, akasasisha.

Nikamwomba wifi msamaha mbele ya kila mtu. Alinisamehe, ila aliniacha nisubiri kidogo.

Adhabu ya mume nilipanga mimi: awapigie wateja wote, mmoja mmoja, kwa mdomo wake.

Nikaendelea kutia shanga kwenye gauni la bibi harusi huku namsikiliza.

"Hapana, mama, hajafa. Ni matapeli. Usitume kitu. Ndiyo, nina uhakika. Ananitazama sasa hivi."

Yule mama wa kitambaa alirudi kesho yake. Alisema amerudi kwa sababu tumempigia wenyewe na hatukumficha kitu.

Wewe mwenye duka unayesoma hapa, brauza ikiomba kusasishwa, ingia kwenye mipangilio yake uisasishe leo. Ukurasa wowote wa mtandaoni ukijitokeza kukuomba hivyo, ufunge. Kazi yenyewe inaisha kabla sijamaliza kupitisha uzi kwenye tundu la sindano.