Viatu vya Aboud

Aboud, mtu wa Malindi anayeishi ughaibuni, mji wa Hopkins, hushinda wiki nzima akiinua wagonjwa, na siku yake ya ofu hataki kuulizwa neno. Lakini Imaculata, mwenzake wa kazini, alimganda kama kupe. "Twende tukapande kilima, kaka. Juu kuna mnara wa Wabudha, na milima yote utaiona."

Kwenye lango la chini Aboud akavua viatu. Aliyelelewa msikitini haulizi. Mahali pa ibada ni mahali pa ibada. Imaculata keshatangulia, hakumwona. Njia yote kokoto, tena zimechomwa na jua. Akapanda akirukaruka kama aliyekanyaga makaa. Kufika juu, akakuta viatu vya watu vimepangwa mlangoni pa mnara. Na mbele yake mashamba ya mahindi, bapa kama sinia.

"Milima iko wapi, Imaculata?"

"Kwani hiki ulichopanda ni nini?"

Aboud akampa mgongo. Akashuka pekupeku, akisonya kila hatua. Langoni viatu havipo! Akainua macho. Kule juu bibi mmoja mwenye huruma, aliyepanda kwa ngazi za upande wa pili, alikuwa akimpungia mkono. Alikuwa amempandishia viatu vyake.