Mbuzi wa Nassa

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja hapa Bariadi. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi huja nyumbani kwangu na watoto wao, tunakaa barazani na kuzungumza habari ya chuo: ada italipwaje, mkopo wa serikali unaombwaje, mtoto atalala wapi, na nyumbani watabaki na nini. Hakuna aliyenituma kazi hiyo. Nilianza kwa kumsaidia jirani, jirani akamwambia ndugu yake, basi.

Familia ninayoikumbuka zaidi ilitoka Migato. Walikuja asubuhi moja ya kiangazi: baba, mama na binti yao niliyekuwa nimemfundisha mwenyewe. Baba alikuwa mrefu, mchangamfu, amevaa koti zito bila kujali joto. Mama alikuwa mkimya. Kiswahili alikielewa, ila kukisema hakupenda. "Mwangaluka, mayu," alinisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama na kupiga magoti kidogo, nami nikaitikia na kumvutia kiti.

Binti alikuwa amechaguliwa kusomea udaktari wa mifugo Morogoro. Baba hakuweza kutulia kwa furaha.

"Mwalimu, ng'ombe wangu watatibiwa na mwanangu mwenyewe! Nimeshaamua. Mnada ujao napeleka maksai wangu wote wawili. Nalipa chuo chote, nakaa kwa amani."

Maksai wale ndio walikuwa jembe lake. Alivyowaeleza, rangi zao na tabia zao, ungedhani anazungumzia wanawe wakubwa. Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba chuo kinataka fedha ya miaka yote siku ya kwanza.

Nikamweleza kwamba ada hulipwa mwaka kwa mwaka, tena kwa awamu. Nikamwambia pia jambo alilolijua kuliko mimi: chuo hufunguliwa mwisho wa kiangazi, ng'ombe wamekonda, na wanunuzi mnadani wanajua kabisa kwamba watu wana shida.

"Halafu mvua ikinyesha, baba, utalima na nini?"

"Nitashika jembe la mkono."

"Shamba lote lile la pamba?"

Alicheka.

Tukaanza kupanga upya. Mkopo tutaomba, lakini majibu huweza kuchelewa, na ukipatikana huenda usitoshe. Kwa hiyo ilibidi awamu ya kwanza ya ada, nauli, godoro na chakula cha miezi ya mwanzo vitoke nyumbani. Fedha ya pamba ilikuwa imekwisha kwenye mabati na sare za wadogo wa binti. Mpunga ulikuwa wa kula. Kila njia tuliyoijaribu iliturudisha kwa maksai, mpaka nami nikaanza kufikiri labda mmoja auzwe, ingawa maksai mmoja peke yake hawezi kulima.

Binti alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Akasema polepole, "Mwalimu, naomba niahirishe. Nitakaa nyumbani nilime na mama. Nitakwenda mwakani."

Nimewafundisha wengi walioahirisha, na wengi wao hawakwenda tena.

Mama akaweka kikombe cha chai chini. Alizungumza Kisukuma, akiangalia sakafu.

"Haahirishi. Kuna mbuzi."

"Mbuzi gani?" baba akauliza. "Wetu si walikufa wote kwa ugonjwa?"

"Wa Nassa."

"Wale wa dada yako?"

"Si wa dada. Ni wa mtoto."

Akaeleza. Binti alipoanza shule ya msingi, mama aliuza kuku, akanunua mbuzi jike mmoja na kumpeleka kwa dada yake anayeishi Nassa, huko Busega, amtunzie. Mbuzi akazaa, na watoto wake wakazaa. Madume yakikua, dada huuza na kununua majike. Miaka yote hiyo hakuna aliyeambiwa, hata binti.

Baba alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Wale mbuzi nimewapelekea dawa ya minyoo! Kila nikienda Nassa nawasifia! Nimemwambia shemeji mbele za watu kwamba ana mkono wa mifugo!"

"Ndiyo," mama alisema. "Ile dawa iliwasaidia sana."

Binti alijifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Mimi nilijiuma midomo. Lakini baba hakucheka. Alitoka nje, akasimama kwenye mpapai wangu, ametupa mgongo. Hapo nikaingiwa na hofu. Kwetu mifugo ni ya mwenye mji, yaani baba wa nyumba, na ndoa zimevunjika kwa mambo madogo kuliko hilo. Mama hakuinuka kumfuata. Aliokota kikombe chake kilichokuwa kitupu, akakishika kwa mikono miwili.

Baba alirudi akabaki mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewauza ukanunua ng'ombe."

Alilifikiria neno hilo kwa haki kabisa, kama mtu anayejipima mwenyewe.

"Kweli," akasema. "Ningewauza." Ndipo kicheko kikamtoka, cha tumbo, mpaka akashika mwimo wa mlango, na sote tukacheka hadi machozi. Mama alilia kweli, kimyakimya, na mumewe akaja kuketi karibu naye. Hilo, mbele ya mtu baki, si jambo dogo kwa wanaume wa rika lake.

Mama aliomba niende nao Nassa, nikaenda. Shemeji mtu alipotuona tumefika watu wazima watatu na binti, alielewa papo hapo, akaanza kujitetea kabla hatujasalimiana. Baba alimshukuru, "Wabeja sana, shemeji," akaingia zizini. Alipita kati ya mbuzi akiwashika masikio na kuwatazama meno. Mama alitaka kuuza wote yaishe. Baba akakataa.

"Tuuze madume na wale wazee. Majike yabaki yazae, mtoto bado ana miaka ya kusoma. Mimi nitaongezea kwa kuuza ng'ombe mmoja mtamba baada ya mvua, akinenepa. Maksai wanalima."

Niliwasikiliza wakipanga, nikaona sina la kuongeza.

Binti akaondoka. Mkopo haukumfikia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alipata sehemu, na mbuzi wakajaza pengo, pamoja na pamba ya shamba lililolimwa na maksai wale wale. Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema, pamba ikakauka, wakauza majike kadhaa kwa uchungu. Sasa yuko karibu kumaliza. Likizo iliyopita alifanya mazoezi Maswa, na baba yake alipanda basi kwenda kumwona akimchoma ng'ombe wa watu sindano, halafu akapita kwangu akinionyesha kwa mkono wake namna binti anavyoishika.

Mwaka huu nimeanza kuwaita wazazi mapema, watoto wakiwa bado kidato cha kwanza, na mama yule huja kunisaidia. Yeye huwaeleza wanawake wenzake kwa Kisukuma: anza na kidogo, weka mahali pa mtu mwaminifu, uza kwa wakati. Mara ya mwisho mwanamke mmoja kijana alimwuliza kama ni lazima kumficha mume.

Mama alimgeukia.

"Usimfiche," alisema. "Ile siku aliposimama nje, niliogopa kuliko siku ya kujifungua. Siku hizi namwambia."

Kisha akamwuliza yule kijana mwanawe ana umri gani, akamsogezea sahani ya viazi.