Moshi wa jaa ulivyotoka kwa shangazi yangu ukaenda kwa Umm Hamad

Wakuu, salaam aleikum, na poleni na shughuli.

Juzi kuna mkuu kaanzisha uzi humu wa kusifia usafi wa miji ya Oman. Barabara zinang'aa, maua mpaka kwenye mizunguko, huoni hata ganda la chungwa. Ni kweli, simbishii.

Ila hakuna aliyeuliza hizo taka zinakwenda wapi. Za mji wa shangazi yangu mimi najua zilikokwenda, kwa sababu nilikuwepo. Naandika kama nilivyoona. Jina la mji nalificha, watu bado wapo. Jueni tu ni mji mdogo baina ya Ibra na Sur, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Wakati huo nilikuwa mwalimu Ibra. Shangazi yangu, Bi Zayana, alikuwa akikaa kwenye huo mji na mjukuu wake Shamsa, ndiyo kwanza ameanza skuli. Mama yake Shamsa alishafariki, baba kazi imemweka Maskati. Nyumba ya watu wawili, na mimi naja mara kwa mara.

Bi Zayana ni mtu wa Unguja mjini, kakulia Malindi, kaja Oman mtu mzima. Kiarabu chake kilikuwa cha kuungaunga. Akikwama anamalizia kwa Kiswahili na anataka umfahamu hivyo hivyo.

Shida ya mtaa wao ilikuwa jaa.

Baladia, yaani manispaa, ilikuwa ikimwaga taka za mji kwenye wadi nyuma ya nyumba zao, lile bonde kavu linalopita maji mvua ikinyesha. Gari linamwaga asubuhi, alasiri wanatia moto ili zipungue. Mipira ya gari, nepi, makuti, matumbo ya samaki, mifuko, vyote pamoja.

Kama hujawahi kuishi jirani na moshi wa plastiki, sijui nikueleze vipi. Nguo ukizianua zinanuka. Mkate unanuka. Shangazi alikuwa anarowesha kanga anaziba chini ya mlango, na joto lile la mkoa wa Sharqiya mnalijua.

Shamsa alikuwa na pumu. Upepo ukigeuka tu, unamkuta kitandani kainama mbele, mabega yanapanda na kushuka, midomo imebadilika rangi. Tumemkimbiza hospitali mpaka walinzi wa getini wakatuzoea. Siku moja daktari alimwambia shangazi, kwa upole tu, kwamba ama mtoto ahame ama moshi uhame.

Shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, kesho n'chukue baladia. Kiarabu changu hakitoshi kwa hasira n'lizonazo."

Kule tulipokewa na injinia kijana, nitamwita Said. Nikaanza kutafsiri. Kumbe jamaa kwao wametokea Bujumbura, Kiswahili anakijua! Akainuka kwenye kiti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi!" Kisha akanigeukia mimi. "Basi wewe nyamaza, tuzungumze wenyewe."

Akamweleza yote. Said hakumkatiza. Alipomaliza, na yeye akafunguka. Alikuwa anataka kuchoma kuachwe kabisa. Makuti na mabaki ya jikoni yapelekwe mashambani yaoze yawe mbolea, kitakachobaki kifukiwe pahala penye uzio na kufunikwa udongo kila siku. Akasema ule moshi haumalizi kifua cha Shamsa peke yake, unapanda juu unazidisha joto la dunia nzima. Miaka ile maneno hayo yalikuwa mageni kwetu.

"Dunia mwanangu, Mungu ataitazama," shangazi akamwambia. "Wewe nitazamie mjukuu wangu."

Hakuishia hapo. Alikusanya wanawake wa mtaa wakarudi baladia, wakarudi tena, mpaka mtu wa mapokezi akiwaona anakwenda kuwaita wakubwa bila kuulizwa.

Mwisho wakubwa wakakubali. Ila walikubali kipande tu. Kuacha kuchoma, hapana. Kutenganisha taka, hapana. Kulihamisha jaa nyuma ya mlima, ndiyo, na upesi.

Said alikuja nyumbani mwenyewe kutuambia. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. "Bibi, huku kwenu moshi umekwisha." Pengine alikuwa na la zaidi, lakini shangazi alishaanza kupiga vigelegele.

Alipika pilau la mtaa mzima. Shamsa akaanza kulala madirisha wazi. Akanenepa. Akawa anakimbia kwenda skuli.

Sasa nimlete Umm Hamad. Huyu alikuwa mama wa Kibedui, mfugaji, kila Alhamisi anashusha samli na maziwa mtaani. Alikuwa sahibu wa shangazi hasa. Wanakaa barazani, huyu anasema Kiarabu cha jangwani, huyu Kiswahili cha Malindi, na wanacheka pamoja. Sijui walifahamiana vipi, lakini walifahamiana.

Miezi kadhaa baada ya jaa kuhamishwa, akaacha kuja.

Siku aliyotokea alikuwa mikono mitupu. Nilikuwepo, safari hiyo ikabidi nitafsiri, maana hakuna aliyekuwa anacheka. Mbuzi wake wanakufa. Wanavimba matumbo, hawali, wanaanguka. Mwanawe kampasua mmoja, kakuta mifuko ya plastiki imejisokota tumboni kama kamba.

"Wanaila wapi?" shangazi akauliza.

"Jaa jipya. Nyuma ya mlima. Ndiko tunakokaa sisi, hukujua?"

Shangazi hakujua. Umm Hamad siku zote ndiye aliyekuja kwake, yeye hakuwahi kwenda. Mjini pale kila mtu alikuwa akisema nyuma ya mlima hakuna watu.

Akataka nimpeleke pale pale. Tukafuata pikapu ya Umm Hamad.

Wakuu, migunga yote imevaa mifuko. Moto unawaka. Ndani ya kibanda cha makuti, mkwe wa Umm Hamad kamkumbatia mtoto mchanga, kamfunika uso kwa shela. Mtoto anakohoa. Nilimwona shangazi anakisikiliza kile kikohozi. Alikuwa anakijua.

Akatoka nje, akaanza kuchopoa mifuko kwenye miti. Mtu mzima yule, miiba inamchana mikono, anachopoa anatia kwenye gunia. Umm Hamad akamwambia, "Acha, kesho gari litamwaga tena." Hakuacha mpaka kiza kilipoanza kuingia.

Asubuhi yake tukawa baladia. Said hayupo, kahamishiwa Nizwa. Tumemkuta mwengine, mtu wa adabu zake, hana neno baya.

"Mama, moshi unakufikia?"

"Haunifikii."

"Basi shida yako tumeshaitatua."

"Yangu ndiyo. Ya Umm Hamad je?"

"Huyo hajaleta malalamiko."

"Mimi si nimeyaleta? Kama hamuwezi kuacha kuchoma, zirudisheni taka mlikozitoa, huku kwenye macho ya watu!"

Hilo la mwisho nilisita kulitafsiri. Akaligonga bega langu. Nikalitafsiri.

Haikufika jioni, mtaa mzima unajua. Wale wale wanawake aliokwenda nao baladia wakaja mlangoni. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta akamwambia, "Unataka kuturejeshea moshi? Na Shamsa je, umeshamsahau?"

Toka siku ile baraza yake ikapoa. Idi ikaja, sahani za majirani hazikuingia.

Jaa liliendelea kuwaka nyuma ya mlima miaka kadhaa. Katikati ya miaka ya elfu mbili ndipo baladia ikaweka uzio, ikaacha kuchoma, ikawa inafukia kwa udongo. Karibu yale yale aliyoyasema Said. Lakini huko hakukuwa na mfugaji tena. Umm Hamad alishauza mbuzi waliobaki, akahamia Sur kwa mwanawe.

Shangazi aliniomba nimpeleke Sur. Tulimkuta Umm Hamad amekaa chumbani, AC inanguruma, madirisha yamefungwa. Kile kitoto cha kibandani hatukukiona. Umm Hamad hakukitaja, shangazi hakuthubutu kuuliza.

Akamwomba radhi. Nikatafsiri.

Umm Hamad akammiminia kahawa. "Mjukuu wako alikuwa hapumui. Ningekuwa wewe, ningefanya vile vile."

Akaliweka birika chini, akaongeza, "Ila mimi sikuwa na pa kuusukumia moshi."

Hilo pia nililitafsiri. Mpaka anatangulia mbele ya haki, shangazi hakulizungumza tena.

Nilichojifunza mimi ni hiki. Manispaa ina uwezo wa kuuzima moto, na ina uwezo wa kuusogeza. Kuusogeza ni rahisi, na sisi tukishapumua tunanyamaza. Ukiambiwa taka zinapelekwa kusiko na watu, nenda kwanza ukatazame kwa macho yako.

Haya wakuu, uwanja wenu. Jaa la mji wenu liko wapi, na nani anakaa pembeni yake?