Sururu Anamhamisha Mkewe Kutoka Ufukweni

Maji yamekupwa, na Sururu yuko ndani ya kaburi hadi kiunoni. Anaacha kuchimba, anageuza beleshi, anagonga sakafu ya shimo kwa mpini. Kisha anainama na kutega sikio. Anayempita njiani angedhani anabisha hodi.

"Likiitika, nafukia," anasema. "Chini kuna maji."

Leo limeitika. Anapanda juu, anakung'uta magoti na kuanza shimo jingine, safu ya juu zaidi.

Ndivyo makaburi ya mji huu yanavyopanda mteremko, ya zamani yakiachiwa bahari. Safu ya kwanza haipo tena. Maji yakijaa, mawe yake huchomoza vichwa tu, kama watu wanaooga na hawataki kutoka.

Sururu ni jina alilopewa na wachimbaji wenzake kwa mikono isiyochoka. Hulipwa kwa kaburi. Watu wakiwa wazima, nyumbani kwake sufuria hulala kavu.

"Sasa mimi niombe dua gani?" anauliza, bila kucheka.

Zamani alidhani bahari inapanda. Aliyemweleza vingine ni binti anayekuja kukagua kipima mitetemeko kilichofungwa kwenye kibanda cha makaburini. Alimwambia nchi ndiyo inayoshuka. Mwamba wa sakafu ya bahari ni mzito, na unajipenyeza chini ya mwamba wa nchi kavu, taratibu kama kucha inavyoota. Pale inapokwama miamba hiyo miwili, ukingo wa nchi huburutwa chini. Siku itakapoachiana, ukingo utafyatuka, ardhi itatikisika na bahari itapanda kuja mjini. Lini, hajui mtu.

Sururu alitaka kujua kinachoshuka kinaishia wapi. Binti akamwonyesha mlima unaofuka moshi nyuma ya mji. Mwamba ule hushuka na maji yake, alisema, na huko chini kwenye joto maji hayo huifanya miamba ya juu yake iyeyuke. Uji wa moto hupanda, hutokea pale.

Tangu siku hiyo Sururu hapendi kuupa mlima mgongo.

Lakini kinachomnyima usingizi ni kaburi moja la safu ya pili. Ni la mkewe. Alilichimba mwenyewe, akachagua pale kwa kuwa marehemu alipenda kusikia mawimbi, na wakati ule yalikuwa mbali. Sasa maji yakijaa, mapovu hutoka mchangani karibu na jiwe, moja moja, kama kuna anayepumua. Anajua ni hewa tu. Hata hivyo husimama hapo mpaka yakome.

Kibali cha kumhamishia chini ya mlima alishapata. Aliyekataa ni mama mkwe wake. Alimwuliza kama mwanawe ni kabati, la kuhamishwahamishwa, tena kupelekwa mdomoni mwa moto. Sururu hakubishana. Alimwomba tu aje siku moja atazame maji yakijaa.

Wiki iliyopita mama alikuja, na kiti chake mkononi. Akakaa kando ya jiwe. Mapovu yakaanza. Aliyatazama, kisha akavua kiatu na kuweka unyayo kwenye mchanga.

"Mwanangu alikuwa haiwezi baridi," alisema.

Kesho yake walipanda hadi kiwanja kipya, chini ya mlima. Sururu akachimba kidogo, akagonga. Hakuna kilichoitika. Akachota udongo na kumwekea mama mkwe kiganjani. Ulikuwa vuguvugu, na jua lilikuwa bado halijafika upande ule.

Mama akaufumba mkononi.

"Mchimbie hapa," alisema. "Na pembeni niachie nafasi yangu, mwanangu."

Jumamosi hii, maji yakikupwa, Sururu atashuka safu ya pili na vifaa vyake. Wenzake wamejitolea kumsaidia, lakini amewaambia beleshi la kwanza ni lake, na wasimharakishe.

"Nitagonga kwanza," anasema. "Ajue ni mimi."