Kawaida ya Nani

Kila asubuhi, kabla sijatia mguu chini, mama mkwe alikuwa ameshasimama kando ya kitanda changu na kikombe cha uji wa uwele uliochanganywa na maziwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kunywa, ungali moto.”

Hakuondoka mpaka kikombe kiishe.

Mume wangu alikuwa kazini mbali, hivyo mimba yangu ya kwanza ililelewa Iguguno, kwao. Mimi na mama mkwe tulilala chumba kimoja, kwani kwake mjamzito halali peke yake. Nami tangu chuo nameza kidonge cha homoni, maana tezi yangu ya shingo haitengenezi ya kutosha. Kidonge hicho kinataka tumbo tupu, chakula hukizuia kuingia mwilini. Mtoto wa miezi ya mwanzo hana homoni yake. Ubongo wake unajengwa kwa homoni ya mama. Niliyajua yote hayo. Lakini kwa mama mkwe dawa ya mjamzito ni chakula, basi nilikimeza baadaye, chooni, juu ya uji.

“Umezama humo?” alikuwa akiniita kutoka uani.

Nilipopima damu Singida Mjini, daktari alitazama majibu akatabasamu. “Hamna shida, dada. Iko ndani ya kawaida.”

“Kawaida ya nani?”

“Ya watu.”

“Watu wenye mimba?”

“Wewe ni mwalimu, nini?” Akacheka, akafungua simu yake kusoma. Kicheko kikakatika. Mipaka ile ya kawaida ilikuwa ya wasio na mimba. Kwa miezi yangu ya mimba, kipimo cha homoni ambayo ubongo huiitia tezi kilikuwa kimepanda: ubongo unaiita tezi, tezi haiitiki. Akaongeza dozi.

“Unameza kabla ya kula, siyo?”

“Hapana.”

“Kwa nini?”

“Mama mkwe huleta uji.”

“Basi hiyo dozi nimeuongezea uji, si wewe.”

Kesho yake kikombe kilikuja kama kawaida. Kumbishia daktari kulikuwa rahisi. Daktari sikulala naye chumba kimoja.

“Mama, naomba nimeze dawa kwanza, ni ya ubongo wa mtoto. Uji usubiri nusu saa.”

Akashika rovu lake, uvimbe wa tezi ileile uliomjaa shingoni kama kiazi. “Na shingo hii nimezaa sita. Mjinga ni yupi kati yao?”

Nilikuwa na maswali mengi, ila mmoja wa hao sita ni mume wangu.

“Sema! Mwanangu ni mjinga?”

“Simsemi mwanao, mama. Nasema juu ya wangu.”

Akanena jambo kwa Kinyiramba, hakunifasiria. Kisha akafunika kikombe kwa sahani, akavuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa, mgongo kwenye mlango.

“Meza nikuone. Lakini uji huu utaunywa hata ukiwa barafu.”

Nikameza. Hakuna aliyetoka. Tukakaa tukisubiri nusu saa ipite, kila mmoja macho kwenye sahani ile.