Neno Mafuta

Msusi huyu, ukimkuta kibarazani na kichwa cha mteja magotini, usijidanganye kwamba utazungumza wewe. Domo lake halina breki. Lakini siku hizo alinyamaza mpaka wateja wakaulizana kagombana na nani.

Binti yake, waliyembandika jina la Chiriku kwa maneno mengi, alikuwa ameanza kukokota ulimi na kujikwaa hata sebuleni pao. Vipimo viliporudi, daktari alisema, "Mafuta yamekwama ndani ya seli zake," kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Basi hilo neno mafuta, jamani! Msusi alifika nyumbani akamwaga dumu zima la mafuta ya kupikia, akaficha mpaka ya kupaka. Mboga zikawa za kuchemsha tu. Mtoto akapauka, akakonda, na mama mkwe aliyeishi nao hakumung'unya maneno: "Si nilisema? Mikaango yako hiyo! Umemlisha mjukuu wangu ugonjwa."

Msusi aliamini kamdhuru mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, na hatia hiyo ikawa inamtafuna.

Kliniki iliyofuata walikwenda wote watatu. Daktari alimpima Chiriku uzito, akakunja uso. "Mama, mnamnyima chakula?"

"Mafuta tu, daktari. Si ulisema yamekwama?"

"Lo! Kosa langu, sikukueleza." Akavuta kiti. "Seli ina vyumba. Mafuta huingia chumba kimoja, yakasagwa, kisha kuna protini ya kuyapokea na kuyatoa yaende vyumba vingine. Ya huyu ina hitilafu. Huku yanarundikana, kule yanahitajika na hayafiki. Hata usipompa, mwili unayatengeneza wenyewe. Dawa tutampa, itaupunguzia ugonjwa mwendo, haitauondoa. Lakini chanzo si mapishi yako."

"Hitilafu yenyewe katoa wapi?" mama mkwe akadakia.

"Kwa baba na kwa mama, wote wawili. Nao huenda walirithi kwa wazazi wao, bila mtu kujua."

Walipofika nyumbani, mama mkwe alimfuata msusi jikoni. "Kwa hiyo ni mimi?" akauliza.

Hapo msusi angeweza kumlipa yote. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi, na ulimi wake mnaujua. Lakini aliijua hatia hiyo inayomtafuna mwenzake.

"Mama, ulinipa mume, naye akanipa Chiriku. Hayo mengine hatukuyajua."

Mama mkwe alilia kwa kwikwi. Msusi akamshika mkono, wakabaki hivyo mpaka Chiriku alipoita apelekwe chooni, wakaenda wote wawili.