Hadley na Mwana

Vernon Hadley aliuawa kwenye televisheni mara arobaini na moja, na mara zote hizo jina lililoandikwa mwishoni halikuwa Hadley. Kuuawa hakukumsumbua hata kidogo. Ilikuwa kazi, tena siku ya kufa mapema aliwahi kurudi nyumbani. Mkewe Paulette, mwalimu wa darasa la tatu kule Van Nuys, alikuwa akimpokea mlangoni kwa swali lile lile: "Leo wamekumaliza saa ngapi?" Naye hujibu, "Kabla ya chakula cha mchana. Lakini chakula walinipa." Kilichomkaa rohoni miaka yote ni hilo jina.

Baba yake naye aliitwa Vernon Hadley. Alikuwa mchoraji wa maandishi katika mji mdogo wa Tolliver, Nebraska. Vioo vya maduka, mlango wa benki, ubavu wa malori ya nafaka, vyote vilipita mkononi mwake. Mzee huyo kwa herufi alikuwa na kisirani, usiombe. Aliwahi kukwangua kioo kizima cha benki, kazi ya siku mbili, kwa sababu herufi moja ilikaa chini ya wenzake upana wa unywele. Meneja akamsihi, "Vernon, nani ataona?" Mzee akamgeukia na brashi mkononi: "Mimi nimeona. Au mimi si mtu?"

Siku mwanawe alipozaliwa, mwaka 1941, hakwenda hospitali kwanza. Alikwenda kwenye pikapu yake, na chini ya jina lake mlangoni akaongeza maneno mawili kwa rangi ya dhahabu, ikasomeka HADLEY NA MWANA. Alipohakikisha imekauka ndipo akaenda kumwona mtoto. Mkewe Ludmila, binti wa akina Sobotka, Wacheki wa huko huko Nebraska, alimsuta kwa jambo hilo mpaka anaingia kaburini.

Mwana mwenyewe hakujaliwa mkono wa herufi. Alijaliwa sauti nzuri na uso ambao mtu akiutazama anaamini lolote unalosema. Alipofika miaka ishirini na mitatu akatangaza mezani kwamba anakwenda California kuigiza. Mama akaacha kijiko. Baba akatafuna nyama yake mpaka ikaisha, akafuta mdomo.

"Nenda," akasema. "Ila mwishoni pale, wanapoandika majina ya watu, nataka nilione letu. Nitakaa kwenye kiti changu nisubiri."

"Utaliona, baba."

Akaahidi hivyo, kirahisi tu, kama anayeahidi kuleta mkate.

Mwaka uliofuata akapata kazi yake ya kwanza ya kusema neno. Alisema, "Bwana, gari lako linawaka moto," basi, akalipwa. Lakini ukishasema neno mbele ya kamera ni lazima ujiunge na chama cha waigizaji. Akaenda ofisini kwao, akamkuta mwanamke aitwaye Irma Quist nyuma ya kabati la kadi.

"Vernon Hadley tunaye," Irma akasema, akichomoa kadi moja.

"Ndiyo, ni mimi."

"Si wewe, kijana. Tunaye mwingine, tangu mwaka arobaini na tisa. Hapa watu wawili hawatumii jina moja. Chagua lingine."

"Mama, hili ni langu. Nimezaliwa nalo!"

"Na yeye kazaliwa nalo, ila yeye aliwahi." Irma akatazama saa ya ukutani. "Saa sita nakwenda kula. Una dakika nne."

Dakika nne! Mtu huchagua viatu kwa muda mrefu kuliko huo. Jina lililomjia haraka lilikuwa la ukoo wa mama yake, akalitamka, Irma akaligonga muhuri. Akatoka mle ndani anaitwa Vernon Sobotka.

Jioni akapiga simu nyumbani. Alieleza vizuri, kwa upole, lakini mzee hakuambilika.

"Ofisi gani inamnyima mtu jina lake?"

"Ni sheria yao, baba."

"Sheria! Sema tu kwamba jina la mpaka rangi halipendezi huko kwenye mitende. Sema, usinizungushe."

Wiki iliyofuata ikaja barua ya mama. Alieleza mambo ya kanisa, akaeleza mikate ya plamu aliyooka kwa ajili ya arusi ya jirani, na chini kabisa akaandika kwamba baba alitoka asubuhi na tambara na chupa ya tapentaini akafuta maneno NA MWANA kwenye pikapu. Vernon alisoma mstari huo akiwa amesimama kwenye ngazi za nyumba ya kupanga. Ulimchoma, akakaa chini.

Hapo usidhani kwamba alilala njaa. Alifanya kazi, tena nyingi. Alikuwa daktari anayetoka chumba cha upasuaji akivua kofia na kusema, "Pole sana, tumejitahidi." Alikuwa wakili wa upande unaoshindwa. Alikuwa polisi anayesema "Hebu ngoja, nimesikia kitu," na kila mtu anajua huyo hamalizi dakika. Watu dukani walimkodolea macho wakidhani waliwahi kusoma naye. Na kila kazi ilipoonyeshwa, alijua kwamba huko Tolliver mzee anazima televisheni kabla ya majina. Mama ndiye aliyemwambia.

Yule Hadley mwingine, Vernon alikutana naye mwaka 1969, kwenye filamu ya wapanda farasi huko jangwani. Alikuwa mzee mkavu, miguu imepinda, kazi yake kuanguka kutoka mgongoni mwa farasi. Vernon akamsogelea kwenye meza ya kahawa, akajikaza, akaomba: je, mzee akistaafu, atakubali kuliachia jina?

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, nimevunjika mbavu saba kwa jina hili. Bega limetoka mara mbili. Unajua mara ngapi limeandikwa kwenye filamu? Mara tatu! Nami nikuachie? Litanifuata kaburini, ukitaka ukalichimbue."

Yule mzee alikuwa na haki yake, na tena Vernon alimpenda.

Mama alifariki mwaka 1973. Kwenye mazishi baba alimuuliza kama ndege ilichelewa, naye akasema haikuchelewa, wakamaliza. Pikapu ilikuwa imeegeshwa nje ya kanisa. Vernon aliiona ile sehemu iliyofutwa, rangi yake imekolea kuliko mlango mzima, na ukiinama kidogo uliweza kuyasoma maneno yaliyokuwapo.

Mwaka 1984 simu ikalia. Ni Irma Quist, sauti imezeeka. "Hadley wa farasi amefariki mwezi jana. Jina lako liko huru. Ukilitaka njoo, mimi nastaafu Ijumaa."

Vernon akavaa koti lake zuri. Njiani akasimama kwenye kibanda cha simu, akampigia wakala wake, Sy Brodkin, mtu ambaye hakuwahi kuongea taratibu tangu azaliwe.

"Umeingiwa na kichaa?" Sy akafoka. "Miaka ishirini nawauzia Sobotka. Kesho nikiwapelekea Hadley watauliza, huyu mgeni katoka wapi? Na una miaka arobaini na mitatu! Mgeni wa miaka arobaini na mitatu nani anamtaka?"

Alifika mpaka maegesho ya magari ya chama. Akakaa humo garini nusu saa, mikono kwenye usukani. Kisha akageuza gari akarudi nyumbani. Niseme wazi, kwa kuwa hata yeye alijiambia wazi: safari hii hapakuwa na sheria. Alijizuia mwenyewe, kwa woga wa kukosa kazi, na lile neno la baba yake kwenye simu, kwamba jina analikataa mwenyewe, ambalo miaka yote aliliona la uonevu, siku hiyo likawa kweli. Alimwambia Paulette baada ya wiki. Hakumwambia baba yake.

Basi ikaja ile kazi ya mwaka 1988. Ilikuwa filamu ya televisheni ya Jumapili, kisa cha mji mdogo wa Nebraska, na Vernon akapewa mkuu wa polisi wa mji. Tena hafi! Anaishi mpaka mwisho. Hakuwahi kupata nafasi kubwa kama hiyo. Wiki hiyo hiyo daktari wa Tolliver alikuwa amempigia simu: mzee ana miaka sabini na tisa, moyo umechoka, mikono inatetemeka, kama kuna jambo la kumwambia asilikawize.

Siku ya pili ya kazi likazuka tatizo. Mkuu wa polisi kwenye muswada aliitwa Dobbs, na wanasheria wa kampuni wakagundua kwamba yuko Dobbs wa kweli, polisi wa kweli, maeneo yale yale ya Nebraska. Ikabidi jina libadilishwe. Mwandishi, mwanamke aitwaye Corinne Ashby, akaja kukaa karibu na Vernon akitafuna penseli, karatasi za buluu mapajani. Hizo ndizo za mabadiliko.

"Nipe jina," akasema. "Lolote. Kichwa changu kimegoma."

"Hadley," Vernon akasema.

"Yuko Hadley huko?"

"Yuko mmoja. Mchoraji wa maandishi."

"Basi haiwezekani. Atatushtaki huyo."

"Ni baba yangu."

Corinne akatoa penseli mdomoni. "Wewe si Sobotka?"

Akamsimulia yote, hata habari ya maegesho ya magari. Corinne akasema, "Wanasheria watamtumia fomu. Aitie saini ifikapo Ijumaa saa sita, nitaandika Hadley. Asipotia, namwita Carver, na usinilaumu."

Fomu ikatumwa kwa faksi kwenye benki ya Tolliver, ile yenye kioo. Jumatano Vernon akapiga simu.

"Karatasi imefika," baba akasema.

"Baba, nilitaka nikueleze—"

"Nimesema imefika. Najua kusoma." Akakata.

Alhamisi akapiga tena, simu ikalia kama nyumba tupu. Usiku Paulette alimwambia ale, akasema ameshiba, na hakuwa ameshiba. Ijumaa asubuhi akavalishwa sare na kofia ya polisi, akapakwa vipodozi, akakaa kwenye kiti cha turubai. Saa tano. Saa tano u nusu. Corinne akatokea mbali akitembea haraka, karatasi mkononi, na uso wake haukusema kitu.

Fomu iliuliza kama mwenye jina ana pingamizi lolote. Kwenye nafasi ya jibu, kwa herufi za mtu aliyeshika kalamu kama brashi, zikitetemeka, palikuwa pameandikwa: *Sina. Ni lake pia. Safari hii angalau mmeniuliza.*

Vernon alilia pale pale, na kofia kichwani. Dada wa vipodozi akamjia juu, "Wee! Kazi ya dakika arobaini hiyo!" Kisha akamwona vizuri, akamletea kitambaa.

Filamu ilionyeshwa Novemba. Vernon na Paulette waliitazama Van Nuys. Majina yalipopita wakauona mstari wao: *Mkuu wa Polisi Hadley*, nukta nyingi, *Vernon Sobotka*. Ukapita. Dakika mbili baadaye simu ikalia, na mzee hakuwa na desturi ya kupiga simu ya mbali.

"Nimepiga magoti mbele ya televisheni," baba akasema, anahema. "Wanayakimbiza yale majina utadhani yameiba."

"Umeona, baba?"

"Nimeona. Mimi kushoto, mama yako kulia. Nani alipanga hivyo?"

"Ndivyo wanavyopanga siku zote. Jina la polisi kwanza, halafu la aliyemwigiza."

"Mara ya mwisho mimi na mama yako tuliandikwa mstari mmoja ilikuwa kadi ya arusi. Niliichora mwenyewe." Akakohoa. "Nafasi kati ya herufi zao mbaya. Aliyeandika hajui kazi."

Vernon akajua kwamba asiposema sasa hatasema tena. "Baba, jina lilirudi. Miaka minne iliyopita. Ningeweza kulichukua, nikaogopa. Kweli niliogopa."

Kikasikika kiti kikilia; mzee alikuwa amenyanyuka kutoka magotini, akakaa.

"Sikukuu ya Shukrani njoo," akasema hatimaye. "Bata mzinga mzima atanishinda peke yangu."

Vernon akaenda Tolliver. Ile pikapu ya zamani, ambayo haikuwa imeendeshwa miaka sita, ilikuwa uani imeoshwa. Mlangoni, chini ya HADLEY, palikuwa na maneno mawili mapya kwa dhahabu, NA MWANA. Yaliandikwa vibaya. Yalikwenda mshazari, yakanona katikati, na herufi ya mwisho ilikuwa imeteremka inchi nzima chini ya wenzake. Kwenye bampa palikuwa na tambara kavu na chupa ya tapentaini, kizibo hakijafunguliwa.

Baba alisimama mlangoni na aproni, akimtazama.

"Herufi ya mwisho imeshuka, baba," Vernon akasema.

"Naiona. Mimi si kipofu," mzee akasema. "Ingia ndani, bata anapoa."